Danone: Nusu Karne ya Lengo Pacha

Danone ni kampuni ya chakula yenye makao makuu Paris, nchini Ufaransa. Huuza mtindi na mazao mengine ya maziwa, vinywaji vinavyotokana na mimea, maji ya chupa, maziwa ya unga ya watoto wachanga na lishe ya wagonjwa. Mwaka 2020 mauzo yake yalifikia euro bilioni 23.6 na wafanyakazi wake walikuwa kama laki moja. Kwa ukubwa, Nestlé ya Uswisi imeiacha mbali. Hata hivyo, katika vitabu vya utawala wa kampuni Danone hutajwa mara nyingi kuliko kampuni zinazoizidi, kwa sababu ya ahadi iliyotolewa mwaka 1972, kwamba kampuni hiyo itaendeshwa kwa malengo mawili yanayokwenda pamoja: faida ya wenye hisa na ustawi wa watu wanaoguswa na kazi zake. Historia yake tangu siku hiyo ni historia ya swali moja gumu: nani hasa anayeilinda ahadi ya namna hiyo, mkuu wa kampuni, bodi, katiba ya kampuni au wenye hisa?

Jina lenyewe ni la zamani zaidi. Isaac Carasso, Myahudi kutoka Thessaloniki, alihamia Barcelona wakati Dola ya Waturuki ilipokuwa ikisambaratika katika nchi za Balkan. Huko aliwakuta watoto wengi wakiugua matumbo, akakumbuka mtindi uliokuwa chakula cha kila siku kwao alikotoka. Mwaka 1919 alianza kuutengeneza kwa chachu iliyotoka katika Taasisi ya Pasteur ya Paris, na wateja wa kwanza waliununua katika maduka ya dawa. Biashara hiyo aliipa jina la utani la mwanawe Daniel, ambaye kwa Kikatalani aliitwa Danon. Daniel Carasso mwenyewe alifungua tawi la Paris mwaka 1929, akakimbilia New York wakati Wanazi walipoiteka Ufaransa, akaanzisha huko kampuni ya Dannon, kisha akarudi baada ya vita. Mwaka 1967 Danone ya Ufaransa iliungana na Gervais, watengenezaji mashuhuri wa jibini laini.

Mzizi wa pili ulikuwa wa vioo. Antoine Riboud, aliyezaliwa Lyon mwaka 1918, alikuwa akiongoza kiwanda cha chupa cha Souchon-Neuvesel. Mwaka 1966 alikiunganisha na watengenezaji wa vioo vya madirisha wa Boussois, ikazaliwa BSN. Miaka miwili baadaye alijaribu kuinunua kwa nguvu Saint-Gobain, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1665 na iliyokuwa kubwa kuliko yake mara kadhaa. Alishindwa vibaya, na mabwana wa Paris walimcheka. Baada ya hapo aligeuka. Chupa za kioo zilikuwa zinaanza kupoteza soko kwa plastiki na maboksi, basi badala ya kuuza chupa tupu akaamua kumiliki vinavyojazwa ndani yake. Hadi kufikia mwaka 1970 BSN ilikuwa imenunua maji ya Evian na bia ya Kronenbourg, na mwaka 1973 ikaungana na Gervais Danone. Vioo vya madirisha viliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 kundi lote likachukua jina la mtindi.

Hotuba iliyoifanya BSN kuwa tofauti ilitolewa tarehe 25 Oktoba 1972 mjini Marseille, katika mkutano mkuu wa chama cha waajiri wa Ufaransa. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu mgomo wa Mei 1968, ambapo mamilioni ya wafanyakazi walisimamisha nchi nzima, na waajiri wengi bado walikuwa na hofu. Riboud hakuwafariji. Aliwaambia kwamba ukuaji wa uchumi una gharama inayolipwa na wafanyakazi na mazingira, kwamba wajibu wa kampuni haukomi kwenye lango la kiwanda, na kwamba kampuni inayopuuza mahitaji ya binadamu itakuja kuzuiwa na binadamu haohao. Baadhi ya waliomsikiliza walimwona kama msaliti wa tabaka lake. Yeye alirudi kazini, na ndani ya miaka miwili BSN ikayaita maneno yale sera yake rasmi: lengo pacha, la kiuchumi na la kijamii.

Ni rahisi kuidharau hotuba kwa kuwa ni hotuba. Hii, hata hivyo, ilizaa vitu vinavyoshikika. Kilicho muhimu zaidi ni mkataba uliotiwa saini mwaka 1988 kati ya BSN na shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa chakula, IUF, lenye makao Geneva. Wataalamu wa sheria za kazi huuhesabu mkataba huo kuwa wa kwanza wa aina yake duniani: kampuni moja na vyama vya wafanyakazi vya nchi nyingi wakikubaliana kanuni zinazovuka mipaka. Mikataba mingine ilifuata, kuhusu haki za vyama mwaka 1994, na mwaka 1997 kuhusu jinsi ya kuwashirikisha wafanyakazi kabla ya mabadiliko yanayogusa ajira. Baadaye, katika miaka ya 2000, bonasi za mameneja nazo zilibadilishwa: theluthi moja ilipimwa kwa matokeo ya biashara, theluthi kwa malengo ya kijamii na kimazingira, na theluthi iliyobaki kwa kazi ya mtu binafsi. Meneja anayeona mshahara wake umefungwa na idadi ya ajali kiwandani huisoma sera kwa macho tofauti.

Lakini ulinzi halisi wa lengo pacha katika miaka hiyo ulikuwa Riboud mwenyewe. Familia yake haikuwa na hisa nyingi. Aliyemlinda ni mduara wa wenye hisa marafiki, yakiwemo mabenki ya Paris na akina Agnelli wa Italia, waliomwachia nafasi ya kuongoza apendavyo. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 77, alimkabidhi kiti mwanawe Franck. Marafiki nao wakaanza kuuza hisa zao kidogo kidogo, na waliozinunua ni mifuko ya uwekezaji ya London na Marekani isiyokuwa na kumbukumbu yoyote ya Marseille.

Mtihani wa kwanza ulikuja mwaka 2001. Januari ya mwaka huo gazeti la Le Monde lilifichua kwamba Danone ilikuwa na mpango wa kufunga viwanda vya biskuti za LU. Wafanyakazi walizisoma habari za ajira zao gazetini, jambo ambalo mkataba wa 1997 ulikusudiwa kulizuia. Machi kampuni ilithibitisha kufungwa kwa viwanda sita barani Ulaya, viwili kati yake vikiwa Ufaransa, huko Calais na Ris-Orangis. Hasira ilikuwa kubwa kwa sababu kampuni haikuwa na hasara. Ilikuwa ikipata faida. Mameya walipiga marufuku bidhaa zake katika kantini za shule, wananchi waliitisha mgomo wa wanunuzi, na mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria iliyokaza masharti ya kupunguza wafanyakazi. Danone ilijitetea kwamba inafunga mapema, ikiwa bado na fedha za kuwahamisha na kuwafundisha watu wake, kuliko kungoja kufilisika. Hoja hiyo ina uzito kuliko ilivyosikika wakati ule. Ila ilifika baada ya gazeti, na kampuni iliyokuwa imejinadi kwa miongo mitatu kama rafiki wa wafanyakazi ilihukumiwa kwa kipimo ilichojiwekea yenyewe. Mwaka 2007 biashara yote ya biskuti iliuzwa kwa Kraft ya Marekani.

Mwaka huohuo Danone ilitoa zaidi ya euro bilioni 12 kuinunua Numico ya Uholanzi. Kwa wawekezaji ulikuwa ununuzi wa maana. Kwa lengo pacha ulileta mzigo mpya, maana Numico ilikuwa na maziwa ya unga ya watoto wachanga, na tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lina kanuni za kuzuia maziwa hayo yasitangazwe kwa namna inayowavunja moyo akina mama kunyonyesha. Kampuni inayosema dhamira yake ni afya kupitia chakula ilijikuta inauza bidhaa ambayo watetezi wa afya ya watoto huifuatilia kwa karibu kuliko nyingine zote, na imeendelea kulaumiwa nao tangu hapo.

Wakati huohuo Franck Riboud alikuwa akitafuta sura mpya ya ahadi ya baba yake, na akaipata Bangladesh. Mwaka 2006, mwaka ambao Muhammad Yunus na Benki ya Grameen walipata Tuzo ya Amani ya Nobel, Danone na Grameen waliunda kampuni ya pamoja isiyogawa faida kwa wenye hisa. Kiwanda kidogo kilijengwa Bogra, kaskazini mwa nchi. Maziwa yalinunuliwa kwa wafugaji wadogo wa jirani, mtindi ukatiwa sukari ya mtende na kuongezwa chuma, zinki, iodini na vitamini A, kisha wanawake wa vijijini wakautembeza nyumba kwa nyumba. Uliitwa Shokti Doi. Kikombe cha gramu 80 kiliuzwa taka 5 za Bangladesh.

Hapo ndipo somo lilipo. Mwaka 2008 bei ya maziwa ilipanda ghafla, na kiwanda kikapandisha kikombe hadi taka 8. Vijijini mauzo yaliporomoka karibu kabisa, na wauzaji wengi wanawake wakaacha kazi, kwa kuwa mapato yao yalitegemea vikombe walivyouza. Suluhisho lililopatikana lilikuwa la muuza duka yeyote anayejua wateja wake: kikombe kilipunguzwa hadi gramu 60, kikauzwa taka 6, na mtindi mwingine ukapelekwa madukani mjini Dhaka, kwa wateja wenye uwezo, ili mapato yao yasaidie kubeba gharama za vijijini. Mradi ulinusurika, ingawa haukufikia ukubwa ulioahidiwa mwanzoni, ambapo vilizungumzwa viwanda kadhaa vya aina hiyo. Lishe ya mtoto wa Bogra, hata ikipangwa na wataalamu wa Paris, ilisimama au kuanguka kwa taka chache.

Kutokana na jaribio hilo zilizaliwa taasisi kadhaa: mfuko wa Danone Communities mwaka 2007, mfuko wa Ecosystem wa euro milioni 100 mwaka 2009, na baadaye mifuko ya Livelihoods ambamo kampuni nyingine pia zilitia fedha. Mifuko hii ya mwisho, pamoja na ununuzi wa hisa, ndiyo iliyoifikisha Danone kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2014 ilinunua asilimia 40 ya Brookside, kampuni ya maziwa ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1993 na inayohusishwa na familia ya Kenyatta. Mwaka 2016 mfuko wa Livelihoods, pamoja na shirika la Vi Agroforestry, ulianzisha mradi wa miaka kumi katika miteremko ya Mlima Elgon, uliolenga mashamba 30,000. Wafugaji hufundishwa kupanda miti na majani ya kulishia ng'ombe zizini, kutumia samadi shambani na kukinga udongo usichukuliwe na mvua. Brookside iliahidi kununua maziwa yao kupitia vyama vya ushirika kwa kipindi chote cha mradi, na wawekezaji hulipwa kwa hati za hewa ya ukaa iliyozuiwa au kufyonzwa. Uzuri wa mpango huo ni soko la uhakika, jambo ambalo mfugaji aliyewahi kumwaga maziwa yake wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Udhaifu wake ni kwamba mnunuzi mkuu ni mmoja, na bei haipangwi na mfugaji.

Kaskazini mwa bara, mambo yalikwenda vingine. Aprili 2018 Wamoroko walianza kususia bidhaa za kampuni tatu wakilalamikia kupanda kwa gharama za maisha, na mojawapo ilikuwa Centrale Danone, muuzaji mkubwa wa maziwa nchini humo. Ususiaji haukuwa na chama wala kiongozi. Ulisambaa kwa simu za mkononi. Mauzo yaliporomoka, kampuni ikapunguza maziwa iliyokuwa ikinunua kwa wafugaji, na adhabu iliyokusudiwa kampuni kubwa ikawaangukia pia wenye ng'ombe wawili watatu. Mtendaji mkuu wa Danone, Emmanuel Faber, alikwenda Casablanca mwenyewe kusikiliza wateja na wauza maduka. Septemba akatangaza kwamba maziwa freshi ya kawaida yatauzwa bila faida, na kwamba kampuni itaweka wazi namna bei inavyopatikana. Ni nadra kampuni iliyo kwenye soko la hisa kusema hadharani kwamba bidhaa moja haitaiingizia chochote.

Faber alikuwa amejiunga na Danone mwaka 1997, akawa mtendaji mkuu mwaka 2014 na kuongezewa uenyekiti wa bodi mwaka 2017. Mkatoliki mwenye msimamo, mwaka 2019 aliacha haki yake ya pensheni nono ya wakubwa. Yeye ndiye aliyejaribu kuitoa ahadi ya 1972 mikononi mwa mtu na kuiweka ndani ya sheria. Nafasi ilipatikana tarehe 22 Mei 2019, Ufaransa ilipotunga sheria iitwayo PACTE, inayoruhusu kampuni kujitangaza kuwa kampuni yenye dhamira. Masharti yake makuu ni manne: dhamira iandikwe katika katiba ya kampuni, malengo ya kijamii na kimazingira yatajwe humo, iundwe kamati ya dhamira iliyo nje ya bodi, yenye mfanyakazi angalau mmoja, ya kufuatilia utekelezaji, na mkaguzi huru athibitishe kila baada ya muda kama malengo yanafuatwa.

Tarehe 26 Juni 2020 wenye hisa wa Danone walipiga kura, na zaidi ya asilimia 99 wakakubali. Ilikuwa kampuni ya kwanza kwenye soko la hisa la Ufaransa kuchukua hadhi hiyo. Kamati ya dhamira ilipewa Pascal Lamy, aliyewahi kuongoza Shirika la Biashara Duniani, kuwa mwenyekiti wake. Faber aliwaambia wenye hisa kwamba wameiangusha sanamu ya Milton Friedman, yule mwanauchumi wa Marekani aliyefundisha kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida yake. Miezi michache kabla, kampuni ilikuwa imeanza kutangaza pia faida ya kila hisa baada ya kuondoa gharama ya hewa ya ukaa, kwa kukadiria euro 35 kwa kila tani.

Kura ya asilimia 99 haikumaanisha kile ambacho Faber alidhani. Wengi wa waliopiga walikuwa wakuu wa mifuko ambao hawakuona hasara yoyote katika maneno mazuri, mradi gawio lije. Mwaka 2020 janga la korona lilifunga migahawa na viwanja vya ndege, maji ya chupa yakakosa wanunuzi, na hisa ya Danone ikapoteza zaidi ya robo ya thamani yake wakati Nestlé na Unilever zikistahimili vizuri zaidi. Novemba, miezi mitano tu baada ya kura, Faber alitangaza kupunguza hadi nafasi 2,000 za kazi, nyingi zikiwa za ofisini. Kwa vyama vya wafanyakazi uamuzi huo ulikuwa pigo kutoka kwa kampuni iliyotoka kuapa kiapo cha dhamira. Kwa wawekezaji ulikuja umechelewa. Kwa hiyo alijikuta hana mtetezi upande wowote.

Mifuko miwili ndiyo iliyosukuma. Bluebell Capital ya London ilikuwa na hisa chache sana, lakini ilipiga kelele mapema. Artisan Partners ya Marekani ilijieleza kuwa na zaidi ya asilimia 3. Hoja yao rasmi ilikuwa ya utawala, na kwa haki ilikuwa nzuri: mtu mmoja hapaswi kuwa mwenyekiti wa bodi na mtendaji mkuu kwa pamoja, kwa kuwa bodi haiwezi kumsimamia anayeiongoza. Kanuni hiyo hufundishwa katika kila mwongozo wa utawala bora, na waliokuwa wameisahau ni hao wajumbe wa bodi waliomkabidhi Faber vyeo vyote viwili. Tarehe 1 Machi 2021 bodi ilikubali kuvitenganisha, huku yeye akibaki mwenyekiti. Wiki mbili baadaye, Jumapili usiku tarehe 14 Machi, ilimwondoa kabisa. Gilles Schnepp alichukua uenyekiti, na Septemba Antoine de Saint-Affrique, aliyekuwa akiongoza watengenezaji wa chokoleti wa Barry Callebaut, akawa mtendaji mkuu.

Magazeti mengi yaliandika kwamba lengo pacha limezikwa. Haikuwa hivyo. Hakuna kifungu cha PACTE kinachomlinda mkuu wa kampuni asifukuzwe. Kinachofungwa ni kampuni. Wakuu wapya walitangaza kwamba hadhi ya kampuni yenye dhamira inabaki, na kuifuta kungehitaji wenye hisa wakutane na kupiga kura hadharani dhidi ya jambo walilolipitisha karibu wote. Kamati ya dhamira iliendelea kutoa taarifa zake. Kilichobadilika ni lugha na mpangilio wa kipaumbele: mpango uliotangazwa Machi 2022 uliweka mbele ushindani wa bidhaa, uuzaji wa biashara zinazosuasua na nidhamu ya utekelezaji. Saint-Affrique hakuzungumza juu ya sanamu za mtu yeyote.

Shinikizo jingine halikutoka kwa wawekezaji wala kwa wafanyakazi. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2017 huzitaka kampuni kubwa kuandaa na kutekeleza mpango wa kuzuia madhara kwa haki za binadamu na mazingira katika shughuli zao zote, pamoja na za wauzaji wenye uhusiano wa kudumu wa kibiashara nazo, na humpa yeyote mwenye maslahi katika jambo hilo haki ya kwenda mahakamani mpango huo ukiwa na mapengo. Januari 2023 mashirika matatu, ClientEarth, Surfrider na Zero Waste France, yaliishtaki Danone mjini Paris yakidai mpango wake hausemi vya kutosha kuhusu plastiki inayofungashia maji na mtindi wake. Mwanzoni mwa 2025, baada ya usuluhishi, pande hizo zilipatana: kampuni ilikubali kuutengeneza upya mpango wake na kueleza kwa uwazi zaidi kiasi cha plastiki inayotumia.